Baiskeli Yenye Gunia Haikwepi

Barua ya wazi kwa Meneja wa TANROADS, Mkoa wa Kilimanjaro

Nakala: Meneja wa TARURA, Wilaya ya Same, Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Same, na wote wanaoota mashindano ya baiskeli kuzunguka milima ya Upare.

YAH: OMBI LA BEGA LA LAMI, BARABARA YA SAME–KISIWANI–MKOMAZI

Ndugu Mhandisi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina ombi moja, nalitoa mwanzoni ili mwenye haraka asilazimike kulitafuta. Kila kipande cha barabara hii kinachowekwa lami, toka Same hadi Mkomazi, kiwe na bega la lami la mita moja na nusu kila upande, na bega hilo lisikatike darajani, wala kwenye kalvati, wala mbele ya soko. Mengine yote niliyoandika humu ni sababu zake.

Kwa msomaji asiyeijua njia yetu: ukiiacha barabara kuu ya Moshi–Tanga pale Same mjini, unaingia upande wa pili wa milima ya Upare wa kusini. Kulia kwako ni mlima, juu msitu, katikati mawe na mashamba yaliyoning'inia. Kushoto ni nyika ya Mkomazi, pori la akiba tangu 1951, likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Unapita Kisiwani, Gonja Maore, Ndungu, Kihurio, Bendera, hadi unatokea Mkomazi, umeshaingia Mkoa wa Tanga na Usambara imesimama mbele yako. Ni kama kilomita 100. Lami imekuwa ikija vipande vipande, na habari ya imefika wapi ni ya kwanza kuulizwa mgeni anaposhuka kwenye basi, kabla hata ya kumuuliza hali ya nyumbani kwake.

Tunaitaka lami hiyo. Nisieleweke vibaya. Aliyewahi kumkimbiza mgonjwa usiku wa mvua kwenye njia ya udongo hahitaji kuelezwa faida zake. Ninachosema ni kwamba barabara inachorwa kwa kumfikiria mwenye gari, na huku kwetu mtumiaji wa kwanza wa barabara, kwa kuhesabu vichwa, yuko juu ya baiskeli au yuko kwa miguu akiisukuma.

Sababu iko kwenye ardhi yenyewe. Kilele cha Shengena, mita 2,462, ndicho kirefu kuliko vyote Upareni. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zinapanda uwanda wa Tanga, zinagonga milima, zinamwaga mvua kwenye msitu wa Chome, na maji yanarudi kwetu kwa mito. Mto Yongoma ndio unaolisha skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, hekta 680 za mpunga, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990. Kwa hiyo juu kuna ndizi, tangawizi na baridi. Chini kuna mpunga, joto na tambarare. Mashamba yako mbali na nyumba, mashine za kukoboa ziko mbali na mashamba, na gulio liko mbali na vyote viwili. Bodaboda ipo, lakini bodaboda inakula petroli kila siku. Baiskeli inakula pancha tu.

Na baiskeli ninayoizungumzia si ile ya kwenye matangazo ya utalii. Hapa baiskeli ya kazi ni Phoenix ya Kichina, nyeusi, breki za fito. Ikitoka dukani haijawa baiskeli bado. Inapelekwa kwa fundi, keria ya kiwandani inang'olewa na kuchomelewa nyingine ya nondo, spoku za nyuma zinabadilishwa nene, uma wa mbele unaongezewa vyuma viwili, na tyubu kuukuu linachanwa vipande virefu vya kufungia mzigo. Hapo ndipo inapopakiwa gunia la mpunga ambalo mara nyingi ni zito kuliko mwendeshaji. Likilazwa kwa mapana, linatokeza kushoto na kulia kupita usukani. Uzito wote ukiwa nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unacheza. Mwendeshaji hageuzi shingo kuangalia nyuma, kwa sababu akigeuza shingo na baiskeli inageuka.

Mtu huyo hakwepi. Akisikia honi ana njia mbili, abaki kwenye lami na kumwachia Mungu, au ashuke pembeni. Na pembeni ndipo palipo na kesi. Barabara isiyo na bega la lami inaanza kumeguka ukingoni mvua za kwanza tu; changarawe inachukuliwa na maji, lami inabaki juu, na katikati inajitokeza ngazi ya kiganja kimoja. Kushuka ngazi hiyo kunawezekana, ingawa meno yatagongana. Kurudi juu ndiko kunakoua. Gurudumu la mbele linasugua ukingo, linakataa kupanda, mwendeshaji anakata usukani zaidi, baiskeli inalala, na inalala upande wa barabarani, mbele ya gari lililokuwa linamfuata. Fundi yeyote wa baiskeli kati ya Maore na Kihurio atakuonyesha ringi zilizopinda kwa namna hiyo. Zinafanana, zimepinda mahali pamoja.

Mita moja na nusu inamtosha huyo na gunia lake. Mita moja haimtoshi. Sentimita hamsini za changarawe, ambazo kwenye karatasi nazo huitwa bega, zinamfaa kuku.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii lami inapokuja, nalo ni kwamba inabadilisha mwendo wa kila mtu isipokuwa wa mwenye baiskeli. Kwenye barabara ya vumbi tulikuwa sawa kidogo. Lori lilikwepa mashimo, Noah ilikwepa mashimo, na baiskeli ilipita katikati ya mashimo ikiyapita magari yote mawili. Vumbi lilitutesa, lakini vumbi lilikuwa pia taarifa. Gari lilionekana dakika nzima kabla halijafika. Lami ikiingia, Noah iliyokuwa ikitembea 30 inatembea 90 na haitoi taarifa yoyote. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo, na kibao cha 50 kwenye makazi kipo, lakini tunajua kibao kinavyotiiwa pale trafiki anapokwenda kula.

Sihitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa ajali. Juni 2025, pale Sabasaba, Same, kwenye barabara kuu, basi kubwa na Coaster ziligongana, moto ukawaka, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Baadhi ya waliokuwemo walikuwa wanakwenda kwenye sherehe, kama sisi sote tunavyosafiri. Wilaya nzima ilikaa matanga. Sasa barabara yetu ya upande wa pili ikikamilika, itakuwa njia mbadala kwa wengi wanaotoka Tanga kwenda Same, na magari yanayokimbizana kule yatakuja kukimbizana huku, katikati ya watoto wanaokwenda shule watatu kwenye baiskeli moja. Nimefundisha shule za msingi huku miaka mingi. Hao watatu nawajua. Mmoja kwenye siti, mmoja kwenye keria, mmoja mbele kwenye chuma, na mwenye kukanyaga hafiki chini kwa mguu akisimama.

Nageukia waliotajwa kwenye nakala, wenye ndoto ya mashindano. Ndoto hiyo na mimi ninayo, tena naiona njia yake. Anza Same, pita Kisiwani na Ndungu, toka Mkomazi, rudi kwa Hedaru na Makanya hadi Same. Umeizunguka milima ya Upare wa kusini, zaidi ya kilomita 150, mlima ukiwa kulia kwako mwanzo hadi mwisho. Asiyetosheka apande Mamba Miamba akitokea Ndungu. Huko atajua gia zake zina kazi gani. Na anayetaka bahari aendelee kutoka Mkomazi kwenda Mombo, Korogwe, Segera, hadi Tanga mjini. Kutoka Ndungu ni kilomita mia mbili na ushei, na ukifika unakuta mji ambao baiskeli hazijawahi kuwa jambo la kuona haya, akina mama wa baibui wanakwenda nazo sokoni bila mtu kugeuka kuwatazama. Sijui wasichana wetu wa Upareni watafikishwa lini hapo. Barabara salama ingesaidia kuliko semina.

Tena majirani wametuonyesha kwamba inawezekana. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 kwenye vilima vya mji ule. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na wengi wa walioanza hawakumaliza. Mwaka mmoja kabla yake, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Watu wanaosema mchezo huu ni wa Wazungu wamebaki na hoja chache.

Lakini angalieni Rwanda ilianzia wapi. Haikuanza na baiskeli nyepesi za mamilioni. Miaka ya 2005 na 2006 mtengeneza baiskeli wa Marekani, Tom Ritchey, alifika na kuwaona vijana wakisukuma mizigo ya kahawa milimani. Mradi alioanzisha ulikuwa wa baiskeli ndefu za kubebea kahawa, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano ambayo yalijumuisha baiskeli za mbao, zile zile za kushushia mizigo. Timu ya taifa ikachipuka humo. Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, akaja kuwafundisha, na Adrien Niyonshuti, mmoja wa vijana wa mwanzo, akaiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Mizigo ilitangulia, jezi zikafuata. Ng'ambo ya mpaka, kule Goma, chukudu la mbao linaloshusha viazi na mkaa kutoka vilimani limejengewa sanamu katikati ya mji. Sisi aliyebeba gunia tunampigia honi.

Na waandaaji wa mashindano wana ugonjwa mmoja, nao ni kufikiria siku ya mashindano. Siku hiyo barabara inafungwa, pikipiki za polisi zinatangulia, mkuu wa wilaya anapeperusha bendera, na kila mtu yuko salama. Swali ni siku nyingine zote za mwaka, ambazo mwendeshaji anatakiwa kufanya mazoezi. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, alijifunzia kwa Mkenya David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu, barabara zikiwa wazi na matatu zikipita kama kawaida. Kijana wa Ndungu mwenye mapafu ya namna hiyo yupo. Kila asubuhi anapanda na dumu la maji mlima ambao mimi naushuka kwa kushika breki zote mbili. Atafanya mazoezi wapi? Kwenye bega lile lile la mita moja na nusu linalompitisha mzee mwenye mpunga. Hakuna barabara mbili zinazohitajika hapa. Anayetaka bingwa na anayetaka mkulima afike salama wanaomba kitu kimoja, na ndiyo maana nimewaandikia bahasha moja.

Ndugu Mhandisi, sasa niingie kwenye mambo ya kiufundi, unisamehe kwa kufundisha mwenye fani.

Kwanza kokoto. Lami ya kumwagia kokoto juu ni nafuu na inatufaa, lakini kokoto zisizoshika huwa zinasukumwa na matairi ya magari hadi pembeni, yaani pale pale anapopita mwenye baiskeli, na zinakaa hapo miezi. Gurudumu jembamba juu ya kokoto zilizolegea ni mtelezo. Mkandarasi afagie kabla hajakabidhi, na ufagio ufike hadi mwisho wa bega.

Pili, matuta na rasta. Tunayahitaji sana Ndungu sokoni, Maore na Kihurio, na kila penye shule. Ila yaishie kwenye mstari mweupe, bega libaki laini. Rasta zikivuka hadi ukingoni, mwenye mzigo anazikwepa kwa kuingia katikati ya barabara, na lengo lote la kuzijenga linapotea. Nimeona pia sehemu nyingine za nchi matuta yaliyoachiwa kijia upande wa kushoto, futi mbili hivi, baiskeli inapita bila kuruka. Gharama yake ni kutojenga futi mbili za tuta, sidhani kama kuna bajeti inayoweza kulikataa hilo.

Tatu, madaraja. Huku mito inashuka kutoka mlimani kila baada ya hatua kadhaa, kwa hiyo kalvati na madaraja ni mengi. Desturi mbaya ni bega kuja vizuri hadi kwenye kingo za zege halafu linatoweka, mwenye baiskeli analazimika kuingia njia ya magari mahali pembamba kuliko pote, pasipo hata pa kuangukia. Kama daraja haliwezi kupanuka, basi magari yapunguzwe mwendo kabla yake, na kibao kiwepo kinachosema baiskeli zinaingia barabarani.

Nne, mitaro. Mtaro wa zege ulio wazi, kuta zake wima kama kaburi, ukiwa kandokando ya bega, unamfanya mwendeshaji akae mbali nao, na kukaa mbali na mtaro ni kukaa karibu na lori. Kwenye makazi ufunikwe. Kwenye nyika ulazwe kingo zake.

Tembo wa Mkomazi sitawaandikia TANROADS, ni wa watu wengine. Lakini alama za kuonya kuhusu wanyama kati ya Kisiwani na Maore zisiwaelekee madereva peke yao. Mwenye baiskeli anapita pale alfajiri bila taa wala kioo.

Kwa ndugu zetu wa TARURA, na kwa TANROADS pale barabara za mlimani zilipo mikononi mwao: shida ya kule ni kinyume. Bega si hoja, hoja ni mteremko. Anayeshuka na mikungu ya ndizi au magunia ya tangawizi kutoka Mamba Miamba anaendesha kwa breki za fito ambazo raba zake zimekwisha na nafasi yake imechukuliwa na vipande vya tairi kuukuu. Mvua ikilowesha ringi, breki hazishiki kabisa. Hapo ndipo anaposhusha mguu na kukandamiza kisigino cha kandambili juu ya tairi la nyuma, moshi wa raba unatoka, na kona inakuja. Zege mnaloweka kwenye miinuko mikali tunalishukuru, maana udongo mwekundu wa Upareni ukilowa hauna huruma. Ila mifereji ya kukatisha maji kwenye zege hilo iwekwe kwa mshazari usiotega gurudumu jembamba, na kila baada ya kona kubwa pawepo sehemu ndogo bapa ambayo mtu anaweza kusimama, kupoza ringi, kufunga upya mzigo. Na maji ya mlima yapewe njia yake. Novemba 2009 kule kijijini Goha udongo ulishuka usiku ukafunika watu, zaidi ya 20 wakafa. Milima hii haisamehi kazi ya ovyo.

Najua jibu litakalokuja. Fedha hazitoshi, usanifu umeshapitishwa, kila mita ya upana ina gharama. Nakubali kuwa ina gharama. Lakini mashine ziko hapa sasa, kifusi kinachimbwa sasa, hifadhi ya barabara imeshawekewa alama na waliobomolewa wameshabomolewa. Kurudi baada ya miaka mitano kuongeza bega kwa kilomita 100 kunahitaji kuleta upya kila kitu, kuanzia greda hadi mkutano wa hadhara. Na kama kweli haiwezekani kote, naomba mpangilio huu wa kuanzia: kilomita tano kila upande wa Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio. Humo ndimo baiskeli nyingi zinamoanzia na kuishia safari. Nyikani tutavumilia, tutaendelea kusikiliza honi.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia hata vijiweni, kwamba bega likijengwa litageuzwa kuwa gulio. Hiyo ni hoja ya kweli. Tumeona Dar es Salaam, njia za baiskeli zilizojengwa pamoja na barabara za mwendokasi, sehemu nyingi zimekaliwa na bodaboda na meza za wafanyabiashara, mwenye baiskeli amerudishwa kwenye msongamano. Lakini jibu la mwizi si kutojenga nyumba. Serikali za vijiji zina sheria ndogo na zina migambo. Zikiweza kukamata mbuzi wanaozurura zinaweza kumwondoa mtu aliyetandaza vitunguu kwenye bega. Pawepo eneo la maegesho ya bodaboda nyuma ya bega kwenye kila kituo, lichorwe tangu mwanzo, kwa sababu bodaboda wasipopewa mahali watajipa.

Na sisi waendesha baiskeli tuna deni letu. Wengi hatuna taa, dinamo zimekufa zamani na hakuna anayezifufua, na nusu yetu hatuna hata rifleta ya nyuma. Tunapita upande wa kulia tukiona njia ni fupi. Wavulana wanashikilia lori nyuma wakati wa kupanda, jambo ambalo nikilikuta nalipigia kelele na sisikilizwi. Hilo ni la kwetu kulirekebisha, na shule zianze kulifundisha kabla wanafunzi hawajaikuta lami ikiwa tayari. Majani yanayoota juu ya bega pia tuachieni. Wapare tunajua msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Ndiva za wazee wetu, yale mabwawa ya kumwagilia, hazikusafishwa na mkandarasi. Kila kijiji kikipewa kipande chake, bega litabaki wazi bila shilingi ya serikali.

Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka milimani kwa maelfu, kwa miguu, wakapiga kambi Same mbele ya ofisi ya mkoloni kuikataa kodi ya mbiru. Walikaa, hawakupiga mtu, wakarudi kukaa tena. Siwatishi kwa kulitaja hilo. Nataja ili mjue kwamba watu wa huku wakishafikiria jambo wanaweza kulisubiri muda mrefu, na safari hii hatukatai chochote, tunaomba kuongezewa mita tatu.

Kwa hiyo naalika. Chagueni siku ya gulio, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, mje mhandisi, ofisa michezo na ofisa utalii. Fundi wa hapa sokoni ameahidi baiskeli tatu, upepo umejazwa na breki zimekazwa. Tutatoka Ndungu kwenda Kihurio, hakuna mlima, msiogope. Kila mmoja atafungiwa gunia kwenye keria. Litakuwa la pumba, tusije tukapata hasara ya mpunga. Mkifika Kihurio chai na maandazi ni juu yetu, na daftari la kuandikia mliyoyaona litakuwepo mezani.

Naomba jibu kupitia ofisi ya kijiji, likibandikwa ubaoni tutalisoma sote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mwendesha baiskeli,
Ndungu, Same.